Krismasi ya Kunong'ona

Kijiko kikigonga sufuria, mimi meno yananiuma. Mvua ikipiga bati, naingia chini ya blanketi kama mwenye malaria. Sokoni Bomang'ombe, ninakouza ndizi, naweka pamba masikioni na wateja wananionyesha bei kwa vidole. Wakionyesha vitatu, naonyesha vitano. Faida yake, matusi siyasikii.

Mimi ndiye kitinda mimba, kwa hiyo nyumba ya baba huku Machame ilibaki kwangu pamoja na kihamba chake, shamba la migomba na kahawa. Kila Desemba kaka zangu watatu hupanda kutoka mijini na familia zao. Watoto kumi na mmoja. Nilihesabu mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Juu ya hao, spika yenye kimo cha ndama.

Mwaka juzi nikamfuata kaka mkubwa tupatane. Nilitaka spika izimwe saa nane mchana. Yeye akataka saa kumi na mbili. Tukavutana, tukafunga saa kumi, nikajiona mjanja. Alipokuwa anaizima akaniuliza, wala hakukasirika, "Mdogo wangu, hivi unatuuzia Krismasi nyumbani kwa baba?"

Mwaka jana walipanga vyumba Moshi mjini, wakapanda kwangu kula tu. Watoto walishuka garini wakinyata. Walishaambiwa baba mdogo ana masikio mabovu. Shikamoo zote kumi na moja walizinong'ona, kama tuko msibani. Binti wa miaka kama sita akanivuta shati.

"Baba mdogo, naruhusiwa kupiga chafya?"

Nikamwambia hata mbili. Hakucheka. Alikwenda kuipigia nyuma ya banda la ng'ombe.

Saa tisa walikuwa wameshaondoka, nyama imebaki nusu beseni. Nilikaa kibarazani nikimsikiliza ng'ombe akicheua. Ukimya wote ulikuwa wangu, hakuna wa kugawana naye. Ile nyama niliila siku nne.

Mwezi huu nimempigia simu kaka mkubwa. Nikamwambia safari hii waje walale nyumbani, na spika waje nayo.

"Tuipige mpaka saa ngapi?" akauliza.

Ningemjibu mpaka mtakapochoka. Lakini masikio ni yangu, nayajua.

"Saa kumi na mbili," nikasema.

Akasema, "Tutaona."

Neno hilo nimelisikia sana sokoni. Mteja akishalisema, huwa ameshaamua kununua kwa mwingine.