Malkia wa mtoto haliwi kabla ya chai

Asubuhi moja, kwenye saluni hapa Gisenyi, mzee mwenye mvi alikuwa akisubiri zamu yake huku akicheza sataranji ya dakika tatu kwenye simu na dada yake mkubwa aliye Goma. Alishinda. Simu ilipoanza kumwonyesha nafasi alizoziacha dada, alimpigia palepale, sote tukisikia.

“Yaya, farasi yako ingekula malkia yangu bure! Hukuona?”

“Niliona.”

“Sasa?”

“We umesahau? Papa yetu, akitufundisha, hakukulaka malkia ya mutoto mbele ya chai.”

Mzee akapapasa kioo cha simu kwa kidole. Kinyozi alimwita, hakusikia.

Simu ilikuwa imeandika “kosa kubwa” kwa rangi nyekundu. Inajua mchezo, sikatai. Ila haijawahi kuwa mdogo wa mtu.