Doa Alilolikagua Agutu

Miaka ya tisini, Agutu alikagua minofu ya sangara kiwandani Mwanza. Kila mnofu aliulaza juu ya kioo chenye taa chini yake, atafute doa lililojificha. Alipoona damu chooni, alikwenda hospitali bila kungoja. Daktari akampitishia kwa nyuma mpira mwembamba wenye taa, akachungulia utumbo kupitia lenzi ya ncha iliyobaki nje.

"Kuna kinyama kidogo, mama. Kikiachwa kinaweza kuwa saratani."

"Nionyeshe. Mimi siamini doa la kusimuliwa."

Akamsogezea lenzi. Agutu akatazama kwa makini.

"Kwetu kiwandani, hapo tunakata tu, na mnofu unaobaki unakwenda Ulaya."

Daktari alicheka, na kicheko kilipokwisha akakikata kile kinyama kwa waya uliopita ndani ya mpira.

Jumatatu wenzake kiwandani walimuuliza habari za hospitali.

"Nimekaguliwa," akasema, akivaa glavu. "Nimepita."