Arabuni ya Parthena

Parthena alizaliwa katika kijiji cha wakulima wa tumbaku karibu na mji wa Drama, kaskazini mwa Ugiriki, kwa watu ambao wazazi wao walifukuzwa Ponto, huko Bahari Nyeusi, wakaja na sanamu zao takatifu mgongoni. Alikuwa msichana mrefu, mwenye sauti nzito kidogo, na kijiji kizima hakuna aliyemfikia kwa kutunga majani ya tumbaku kwenye uzi. Mama yake, Simela, alikuwa akisema, "Huyu mikono yake haina simile, na mdomo wake vilevile."

Alichumbiwa na Anestis, mpiga kemenche, kile kinanda chembamba cha nyuzi tatu kisichokosekana katika harusi yoyote ya Waponto. Wakavishana pete mkono wa kushoto mbele ya wazee wa pande zote mbili. Pete hizo za uchumba Wagiriki huziita aravona. Sikiliza vizuri utalitambua neno lenyewe: ni arabuni hii hii tunayomwachia muuzaji ili mali asimpe mwingine. Limesafiri na wafanyabiashara wa Mashariki tangu enzi na enzi, huku likashukia kwetu, kule likashukia kwao.

Mwaka uliofuata Anestis akaenda Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe, ili arudi na cha kujengea nyumba. Dari ya mgodi ikaanguka. Alipotolewa alikuwa hai, lakini mkono wa kushoto ulikatwa juu ya kiwiko.

Alirudi mwisho wa kiangazi. Parthena alisikia kwamba ameshuka kwenye basi, akavaa gauni safi, akamsubiri. Hakuja. Aliyekuja ni dada yake, Erato, amebeba shati ambalo Parthena alimshonea mchumba wake, limekunjwa vizuri.

"Wifi, nisamehe," Erato alisema akitazama chini. "Kaka anasema uko huru. Ananiomba nichukue na pete yake."

"Kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Anaona haya."

"Mwambie mimi sioni. Na shati alirudishe mwilini, nilimpima yeye."

Erato alipoondoka, Simela alikaa karibu na binti yake. "Mwanangu, Anestis nampenda, Mungu ni shahidi. Lakini tumbaku inataka mikono miwili. Hakuna atakayekulaumu."

"Hilo ndilo linaloniudhi, mama. Kwamba hakuna atakayenilaumu."

Lakini usiku hakulala vizuri. Hakutaka kumng'ang'ania mtu aliyemkataa, wala hakutaka kuolewa naye kwa huruma, maana alimjua Anestis: huruma angeinusa toka mlangoni.

Jumapili somo lilikuwa la barua ya Paulo kwa Wakorintho, pale mtume anaposema kwamba Mungu ametutia muhuri na kutupa arabuni ya Roho mioyoni. Parthena alikuwa amelisikia kila mwaka bila kulisikia. Safari hii lilimshtua kama mtu aliyeitwa jina lake. Ibada ilipokwisha, akapokea mkate uliobarikiwa, akabaki amesimama mbele ya Padri Lazaros.

"Baba, aravona ya Paulo ndiyo hii ya kidoleni?"

"Neno ni lile lile, binti yangu. Wakati wake lilikuwa la sokoni. Unataka ng'ombe, unatoa sehemu kwanza. Ukishatoa, umejifunga kutoa iliyobaki."

"Anayefungwa ni nani? Aliyepokea au aliyetoa?"

"Wote wawili. Ila Paulo anamtazama zaidi aliyetoa. Ndiyo maana neno lake ni zito: anasema Mungu mwenyewe amejifunga."

"Na aliyepokea akiipoteza?"

Padri alijua sasa wanazungumza habari za nani. "Aliyetoa bado ametoa," alisema.

Parthena hakupitia nyumbani. Alikata katikati ya kijiji mchana kweupe, watu wote wakitoka kanisani, na wanawake wakasimama kumtazama, kwani msichana haendi mwenyewe kwa mchumba. Anestis alikuwa uani na baba yake, mkono wa koti umebanwa kwa pini.

"Pete hukuleta?" aliuliza bila kuinuka.

"Iko kidoleni. Yako iko wapi?"

Anestis akacheka kicheko kikavu. "Iko chini ya makaa, pamoja na kidole. Arabuni imepotea, Parthena. Mapatano yamekufa."

"Ile pete alikuvisha nani?"

"Wewe."

"Basi aliyejifunga ni mimi. Nimetoa sehemu, bado sijatoa iliyobaki. Wewe nani uniambie nivunje neno langu?"

"Unanionea huruma."

"Huruma? Mwanamume mwenye kichwa kigumu hivi?" Hakuteremsha sauti. "Na pete ya ndoa huvaliwa mkono wa kulia. Huo unao. Utaniambia kisingizio gani tena?"

Baba mtu alijifanya anakohoa. Anestis aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na Parthena hakujua kama analia au anacheka mpaka alipomsogelea na kuona kwamba anafanya yote mawili.

Walioana kabla ya baridi kuingia. Kwenye ngoma, wachezaji wa Ponto hushikana mikono katika mstari. Parthena alisimama kushoto kwa mumewe, akashika ule mkono mtupu wa koti, akaukunja mara moja kwenye kiganja chake, akainua kidevu, na mstari ukaanza.

Kemenche alipiga mwingine. Anestis akaimba, na watu wakagundua sauti ambayo miaka yote ilikuwa imejificha nyuma ya kinanda. Baadaye aliitwa kwenye harusi mpaka vijiji vya mbali. Tumbaku walitunga pamoja, yeye akipanga majani magotini, mkewe akipitisha sindano. Walijenga nyumba, wakazaa mabinti wawili warefu.

Aliyempa Parthena pole alijibiwa papo hapo. "Pole ya nini?" angesema, akiendelea na kazi. "Nilitoa arabuni, nikapata mali yangu yote."