Gesi Si Chumvi

Ambaro Robleh alirudi Balbala mchana wa jua kali mwezi wa Julai, akitokea Ali Sabieh alikokuwa akimlea binti yake siku arobaini za uzazi. Hata mtandio hajavua, alifungua friji kutafuta maji. Chupa ilikuwa vuguvugu. Akaingiza mkono rafu ya juu, kwenye kikopo cha sindano za jirani yao, Mzee Humed. Nacho vuguvugu.

"Kadra! Dawa ya Mzee Humed imekaa hivi tangu lini?"

Mdogo wake alitoka jikoni akijifuta mikono, macho chini. "Dada, Mzee Humed yuko hospitali, leo siku ya tatu. Sukari ilimpanda, akaanguka uani."

Mzee Humed alikuwa Mwafari, si wa kabila lao, kinyozi aliyestaafu, asiye na mke wala umeme chumbani mwake. Kwa miaka minane alibisha hodi kwa Ambaro asubuhi na jioni, akachukua sindano yake, akaomba dua fupi, akaenda zake. Mtaa mzima ulijua dawa yake inalala wapi.

Ambaro alikaa juu ya ndoo. "Haya, nieleze. Usiruke kitu."

Kadra akaeleza. Baada tu ya dada yake kusafiri, friji lilianza kugandisha mpaka nyanya. Akamwita Dirieh, mtoto wa binamu yao, mwenye karakana ya mafriji karibu na soko. Dirieh akalibeba, akakaa nalo siku mbili, akalirudisha. Wiki haikupita baridi ikalegea. "Akaja akasema gesi imeisha, akajaza. Ikalegea tena, akaja tena, akasema gesi imeisha."

"Imeisha?" Ambaro alisimama. "Gesi ni chumvi hiyo, inapungua kila ukipika? Gesi inazunguka humo humo mpaka sisi tufe! Ikipungua, pana tundu. Alitafuta tundu?"

"Mimi nitajuaje, dada? Yeye ndiye fundi."

Neno hilo lilimchoma. Ambaro alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha barafu bandarini. Aliingia kwa ufagio. Baadaye, mashine ikikohoa walimwita yeye kwanza, lakini kwenye karatasi za mshahara alibaki mfagiaji mpaka siku ya mwisho, na vijana aliowafundisha ndio walioitwa mafundi.

Alilivuta friji kutoka ukutani peke yake, hataki msaada. Akafunga mlango juu ya kipande cha karatasi, akakivuta. Kikagoma kutoka, kwa hiyo mpira wa mlango ulikuwa mzima. Nyavu za nyuma hazikuwa na vumbi. Akachanganya sabuni na maji, akapaka kila kiungo cha bomba, akakodoa macho. Hakuna povu hata moja lililovimba. Gesi ilikuwapo. Halafu akashika bomba linalotoka kwenye kompresa, pampu inayozungusha gesi, bomba ambalo mambo yakiwa sawasawa huwezi kulishikilia kwa joto. Alilishikilia, halikumchoma. Kompresa yenyewe ilikuwa ikinguruma bila kupumzika, kama punda mgonjwa anayepanda mlima.

Akainama kuitazama. Ilikuwa imefungwa kwa bolti mbili na waya. Ya kwake ilikuwa na bolti nne, na kifuniko cha nyaya alikitengeneza yeye mwenyewe kwa bati la kopo la maziwa.

"Mwizi," alisema polepole. Kisha akapaza sauti mpaka majirani wakachungulia: "Ameng'oa moyo akanitilia kokwa!"

Alifika karakana saa kumi, wanaume wakiwa wamejinyoosha kwenye mikeka wanatafuna mirungi. Hakutoa salamu. Alipita katikati yao, akageuza friji la kwanza, la pili, la tatu. Nyuma ya la nne, lililokuwa likimsubiri mwenyewe aje alichukue, aliliona bati la kopo la maziwa.

"Dirieh, hii ni nini?"

"Shangazi, kaa kwanza, unywe chai. Ile yako ilikuwa mbovu, nika..."

"Mbovu, ndiyo maana ukampa mteja wako?"

Mmoja wa wazee, mjomba wa Dirieh, alijiinua kwa kiwiko. "Ambaro, haya ni ya ndani. Usituanike barabarani. Jioni tutakaa, tutayamaliza kwa heshima."

"Heshima ilikuwa wapi mzee wa watu akioza kwa sukari? Mnajua dawa ya nani ilikuwa kwenye lile friji? Kila alipojidunga alikuwa anajidunga maji! Ndani, ndani! Humo ndani ndimo mnamofichia kila uozo!"

Dirieh alianza kusema kwamba hakujua habari za dawa, na hilo huenda lilikuwa kweli. Ambaro hakumwacha amalize.

"Beba vyombo vyako. Leo."

Jioni ile ile Dirieh aliirudisha kompresa kwenye friji, Ambaro amesimama juu ya kichwa chake. Alipotaka kujaza gesi haraka, Ambaro alimpiga kofi la mkononi. "Vuta hewa yote itoke bombani kwanza! Nusu saa kamili. Ukiacha unyevu humo, utaganda uzibe bomba. Nani alikufundisha wewe, mbuzi?" Dirieh akavuta hewa nusu saa, jasho likimdondoka puani. Ambaro alipoligusa tena lile bomba, aliondoa mkono upesi, akaguna.

Mzee Humed alirudi siku ya kumi na moja tangu aanguke, jicho la kushoto halioni vizuri, akitembelea fimbo. Kadra alimpokea na dawa mpya, akaiweka rafu ya juu. Dirieh alikwisha kumwendea hospitali na kumlilia magotini.

"Nimemsamehe yule kijana," Mzee Humed alisema. "Nawe msamehe, binti yangu. Hasira zitakuumiza."

"Wewe umesamehe jicho lako, baba, ni haki yako," Ambaro alijibu, akifunga mlango wa friji kwa nguvu. "Hasira zangu niachie mwenyewe."

Mwaka wa tatu sasa, Dirieh akimsalimu barabarani, Ambaro anageuza uso. Wanawake wa mtaa, friji likilegea, hawaendi tena karakana. Wanamwita Ambaro, naye huja na sabuni yake na kipande cha karatasi, akiwagombeza tangu mlangoni.