Mtalawanda Uliokataa Kuteleza

Ukimwona Jalila akipita njia ya Mtongwe utadhani ni hamnazo. Hutembea polepole, kisha husimama ghafla kutazama mkokoteni uliosimamishwa kwenye mteremko, akatabasamu peke yake kama mtu aliyeletewa salamu na mpenzi wake. Bodaboda humpigia honi, naye hasikii. Mimi jirani yake wa ukuta kwa ukuta nimeshamzoea, ingawa zamani nilikuwa nikimwombea dua.

Ni fundi wa maabara katika chuo kimoja cha ufundi hapa Likoni, na utafiti wao ni wa msuguano: kwa nini kitu kilichowekwa juu ya kingine hakitelezi, na ni wakati gani kitakubali kuteleza. Ana ubao wenye bawaba. Huweka kigae juu yake, na juu ya kigae kipande cha mpira, cha ngozi au cha mbao, kisha huuinua ubao upande mmoja, taratibu, taratibu, mpaka kile kipande kiondoke. Ubao umeinama kiasi gani? Hilo ndilo jibu. Anarudia tena. Siku nzima hivyo hivyo. Mimi ningepata wazimu.

Yeye huona raha. Aliniambia siku moja tukianika nguo kwamba hakuna kitu laini duniani. Hata kioo, ukikikuza vya kutosha, ni vilima na mabonde, na vitu viwili vikilaliana hugusana kwa ncha za vilima tu.

"Na vikiachwa pamoja, shoga, ncha hizo huzidi kushikana," akasema. "Kilichokaa sana ni kigumu zaidi kukiondoa."

Macho yake yalikuwa mbali, na shuka ikamponyoka mpaka mchangani. Nilimcheka. Lakini maneno yale yalinikaa, na tangu hapo nikiona kikombe kimetulia mezani hukitazama kwa jicho jingine.

Mamake, Bi Mwanasaumu, ameishi katika nyumba ile tangu alipoingizwa bibi harusi. Mwaka jana mwanawe mkubwa, Abubakar, anayefanya kazi hotelini Shanzu, alimtengenezea bafu jipya lenye vigae vyeupe vya kung'aa. Ilikuwa zawadi ya mapenzi. Masika yalipoanza, Bi Mwanasaumu akateleza juu ya zawadi ile na kuvunjika kifundo cha mkono. Daktari akaonya kwamba akianguka tena itakuwa nyonga. Abubakar, roho ikimuuma, akakata shauri: mama akiteleza mara nyingine anahamia kwake Shanzu. Bi Mwanasaumu hakubishana. Alianza tu kuzigusa kuta za nyumba kila anapopita, kama mtu anayeziaga.

Jalila akaona hapo ndipo elimu yake itakapofaa. Mamake bafuni huvaa mitalawanda, viatu vya mbao vya kizamani ambavyo hubanwa kwa vidole kwenye msuruaki, kijiti kilichosimama mbele. Kandambili za mpira hataki hata kuziona. Basi Jalila akaichukua mitalawanda ile chuoni, akaibandika mpira wa tairi kuukuu chini, akaijaribu juu ya vigae vikavu, vya maji, vya povu la sabuni. Aliuinua ubao mpaka mkono ukamchoka, na kiatu hakikuondoka. Alirudi nyumbani akielea kwa furaha.

Alasiri moja nilikwenda kwao kurudisha mbuzi yao ya kukunia nazi. Nilikuwa bado kwenye salamu na Jalila tuliposikia kishindo bafuni. Tukakimbia. Bi Mwanasaumu alikuwa amening'inia kwenye fremu ya mlango, mguu mmoja mtupu umevuka kizingiti. Nyuma yake, katikati ya vigae, mtalawanda wa kulia ulikuwa umesimama imara, haukusogea hata unywele, umeelekea mlangoni kana kwamba kuna mtu asiyeonekana ambaye bado ameuvaa.

Mama nilimshika mimi. Jalila alichutama mbele ya kiatu! Nilitaka kumzaba kofi, wallahi. Akapitisha kidole juu ya kiatu, pale unapokaa wayo, akakinusa.

"Mafuta ya nazi," akasema kama anayeota. "Nimepima kiatu na sakafu. Mguu na kiatu sikuvipima. Kiatu kimeshika, mguu ukakiacha."

"Na Abubakar je, mtamwambia?" akauliza Bi Mwanasaumu. Sauti ilikuwa ndogo, na iliniumiza.

"Mama, mafuta usijipake humu ndani."

"Tangu niolewe sijatoka bafuni na miguu imepauka. Babako, Mungu amrehemu, hakuiona hivyo. Nawe hutaiona."

"Basi n'takupaka mimi, ukishaketi kitandani."

"Nipakwe miguu na mwanangu, kama asiyejiweza?"

Aliingia chumbani akafunga mlango. Jalila, ambaye hajui kuficha jambo, alimpigia nduguye simu siku ile ile. Abubakar akajibu kwamba Ijumaa baada ya swala angekuja kumchukua mama. Jalila hakumbembeleza mama tena. Aliitoa chupa ya mafuta bafuni, akaiweka kando ya kitanda cha mamake.

Ijumaa ilipofika nilikwenda kuaga, nimeshajiandaa kwa machozi. Abubakar alikuwa sebuleni, funguo za gari mkononi, akisubiri mamake amalize kuoga. Mlango wa bafu ukafunguka. Bi Mwanasaumu akatoka na mitalawanda yake, hatua kwa hatua, kichwa juu, miguu imepauka mpaka vifundoni, nyeupe kama imepakwa unga. Alipita mbele ya mwanawe bila kuificha. Akaenda akaketi kitandani.

"Jalila!"

"Abee, mama."

"Mafuta hayo."

Akanyoosha mguu. Jalila akakaa chini, akauweka mapajani, akaanza kuupaka polepole, kidole kwa kidole. Abubakar alikuwa amesimama mlangoni, hajui aangalie wapi. Mamake hakugeuka kumtazama.

"Wewe nawe wasimama hapo kama mgeni? Huu wa pili haujapakwa."

Abubakar akaweka funguo juu ya kabati, akapiga magoti. Mafuta aliyamimina mengi mno, na hakuna aliyemkataza.