Kwa Nini Yevlampi Ilyich Alijiita Mgonjwa

Mjini kwetu wanasema kwamba mimi, Apolinaria Gavrilovna, mjane wa Mitrofan Ozeritski, nilimtangaza shemeji yangu kuwa mwendawazimu ili binti yangu apate mume tajiri. Mke wa daktari amelisema hilo mezani, tena mbele ya wageni. Nilikaa kimya kwa heshima ya marehemu. Sasa naandika, kwa sababu wajukuu wanakua na watalisikia.

Yevlampi Ilyich alikuwa mdogo wa mume wangu. Alifundisha kuchora katika shule ya wilaya na aliishi kwetu, katika chumba cha nyuma ya jiko. Nilimpa chumba cha mbele akakikataa, akisema kina mwanga mzuri, afadhali apewe mtu anayeshona. Hakuwa mlevi. Hakuwa mjinga pia. Alisoma vitabu vyangu vyote vya Kifaransa na kuvirudisha vikiwa safi. Kasoro yake ilikuwa moja: akiambiwa neno, analiamini. Fundi wa majiko akisema atakuja kesho, Yevlampi alishinda nyumbani akimsubiri, na fundi asipotokea alikwenda kwake kuangalia kama yu hai.

Mwaka ule binti yangu Glafira alikuwa anachumbiwa na mwana wa Kuzma Sisoyevich Butorin, mfanyabiashara wa nafaka na meya wetu. Sisi tulikuwa na jina, wao walikuwa na maghala. Lakini vijana wale walipendana kweli, na hilo wasemaji hulisahau. Kilichobaki ni neno la mwisho la Butorin. Alikuja kulitoa Jumapili ya Msamaha, siku ya mwisho kabla ya Kwaresima, tukila blini, zile chapati nyembamba za unga na maziwa, moto kwa siagi na mayai ya samaki.

Yanayofanyika siku hiyo kila mtu anayajua. Unamwinamia mwenzako, unasema "Nisamehe," naye anajibu "Mungu atasamehe, nawe unisamehe mimi." Mnabusiana, mnarudi mezani. Nimewasamehe hivyo watu ambao hata majina yao siyajui.

Butorin, uso umemwiva kwa shibe, alituzunguka wote mpaka akafika kwa Yevlampi.

"Nisamehe, Yevlampi Ilyich, kwa yote."

"Kwa lipi, Kuzma Sisoyevich?"

Watu wakacheka. Butorin naye akacheka. "Lipi! Chagua mwenyewe, bwana, dhambi ninazo ghala zima!"

"Mimi hujanikosea. Nimefikiri sana, sijaona kitu. Lakini Matryona, aliyekuwa mpishi wako, umemkosea. Ulimfukuza jikoni kwako kwa ajili ya ile shali iliyopotea, na shali ikaja kuonekana nyuma ya kasha. Wewe mwenyewe ulinisimulia. Yeye hajaambiwa mpaka leo, bado anaitwa mwizi. Anakaa nyuma ya kiwanda cha ngozi. Si mbali, nitakusindikiza."

"Shemeji," nikasema, "blini zinapoa."

"Zitapashwa, Apolinaria Gavrilovna."

Nilimtazama vizuri. Hakusema kwa hasira, wala kwa kumkomoa mtu. Alikuwa kama anayemwonyesha mgeni njia ya kanisani. Nilidhani Butorin atampiga. Badala yake akasema, "Nileteeni koti langu." Wakaondoka kwa miguu, naye Butorin akaisahau mlangoni sleji yake, gari lake la kuteleza kwenye theluji, mpaka dereva akawafuata nyuma na farasi.

Yaliyotokea huko aliyaona dereva huyo huyo. Butorin alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo. Matryona akaanza kwa kumfokea: "Inuka, baba, unachafua suruali! Nani atafua? Mimi sifui tena kwenu!" Halafu wote wawili wakalia. Butorin alirudi kwetu macho yamevimba, akambusu Glafira kwenye paji la uso, akamwita mwanangu. Nilifikiri jambo limekwisha, tena limekwisha vizuri.

Asubuhi yake akaja mke wa Butorin, hakutaka hata kukaa.

"Mama Glafira, mume wangu hatoki chumbani. Mji mzima unasema meya amempigia magoti mpishi. Harusi itakuwapo shemeji yako akisema hadharani kwamba jana alikuwa mgonjwa wa akili, na kwamba mume wangu alimfuata kwa huruma tu, kama mtu anavyombembeleza mgonjwa."

Nilimjibu hivi, na shahidi wangu ni Mungu: "Katika ukoo wa Ozeritski hakuna mwendawazimu, na hatapatikana kwa ajili ya harusi."

Glafira alikuwa ukumbini. Hakulia, alishika pazia tu. Yevlampi naye alikuwa pale, ameshika makaratasi yake ya shule.

Mchana ule alikwenda kwenye ghala la Butorin wakati limejaa wafanyabiashara, akavua kofia.

"Waungwana, jana nilikuwa mgonjwa wa kichwa. Kuzma Sisoyevich alinifuata kwa huruma."

"Na leo umepona?" mmoja akauliza.

"Leo nina nafuu."

Wakacheka mpaka naye akacheka pamoja nao. Aliporudi nilimsimamisha mlangoni.

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, shemeji."

"Basi umesema uongo. Wewe, uliyeshindwa kusema 'Mungu atasamehe' kama Wakristo wote!"

Akafikiri. "Lile lililochafuka lilikuwa jina la Matryona," akasema. "Hili ni langu mwenyewe."

"Na jina la kaka yako?"

Alishtuka, kama mtu aliyesahau kitu sokoni. "Hilo sikulikumbuka. Nisamehe." Nikampisha apite. Mpaka leo nikikumbuka uso ule sijui nilikuwa nazungumza na nani.

Harusi ilifungwa baada ya Pasaka. Shule ikamwachisha kazi, maana mtu aliyejitangaza mwenyewe kuwa mgonjwa wa kichwa wangemfanyaje? Nilimsihi abaki kwetu, hakubaki. Alipanga chumba kwa fundi wa mapipa karibu na kiwanda cha ngozi, akawafundisha watoto wa pale kuchora kwa mkaa. Chakula nilimpelekea, kama alikila au alikigawa, sijui. Homa ya matumbo ilimchukua majira ya baridi yaliyofuata. Butorin, ambaye hakumsalimia tena tangu siku ile, alilibeba jeneza begani mpaka makaburini bila kumtazama mtu. Hilo nalo mnieleze mnaoelewa.

Tulipotoka makaburini Glafira alinishika mkono. Alikuwa mjamzito, na nyumbani kwa mumewe wanampenda.

"Mama, baba mdogo alikuwa mgonjwa kweli, sivyo?"

Alikuwapo ukumbini siku ile. Alisikia yote. Lakini aliniuliza, akaningojea nijibu.

Nilimjibu. Nilichomjibu ni changu na cha binti yangu, na mke wa daktari asikitafute kwangu. Sisemi zaidi.