Gunzi Ndani ya Ekzosi

Harufu ya petroli iliyochanganyika na ya mahindi makavu hunirudisha nyumbani kwetu, njia ya Soy, msimu ule wa mavuno Mama alipoamua kuhifadhi gari. Baba, mwalimu, alikuwa amepata kandarasi ya kufundisha Botswana kwa miaka miwili, na pikapu yake ya bluu ilibidi ibaki. Anko Kiprono, mdogo wake, aliitaka apelekee maziwa na kabichi mjini. Baba alikataa, maana hata baiskeli Anko alikuwa akiiangusha mtaroni kila mvua iliponyesha. Anko akacheka, akasema gari likikaa bure litakufa, basi tukubaliane kwamba Baba akirudi nayo ikikataa kuwaka, pikapu iwe ya Anko. Baba, ambaye hakuwahi kuukwepa mzaha, akakubali mbele yetu sote. Mama peke yake hakucheka. Pikapu hiyo ndiyo iliyomfikisha hospitali siku niliyozaliwa. "Nenda, Baba Chebet," alimwambia. "Utaikuta inanguruma."

Mama hakujua lolote kuhusu kuhifadhi magari. Alijua kuhifadhi mahindi, na hapo hakuna boma la jirani lililomshinda. Kwa hiyo aliihifadhi pikapu kama mahindi. Aliiosha, akaianika juani milango wazi, akawa anapapasa chini ya viti kwa kiganja kama anayepima punje. Tuliiinua kwa jeki tukaikalisha juu ya nguzo nne fupi, na kila nguzo akaivisha kola ya bati iliyokatwa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, ili panya wakipanda wateleze. Betri aliitoa, akaiweka juu ya ubao ndani ya nyumba. Majivu aliyamwaga kuizunguka yote. Mwisho alinipa gunzi nene, akaniambia nilipige kwa nyundo mpaka lizame ndani ya ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, nyigu wasije wakajenga humo. Nililipiga kwa roho yangu yote. Mkono wangu ulikuwa wa fundi tangu hapo.

Baba aliporudi, boma lilijaa watu. Tulikuwa tumeishusha pikapu, betri imechajiwa mjini, petroli mpya imetiwa. Hakuna waya uliokuwa umetafunwa hata mmoja. Baba akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma kidogo, ikakohoa, ikazima. Akajaribu tena, ikazima tena. Anko, aliyekuja na baiskeli yake na mkebe wa maziwa, alikuwa tayari anapima kwa macho kabichi zitakapokaa, akawauliza watu kama bluu ni rangi nzuri kwa biashara. Mama alisimama mikono kifuani, akiyapitia kichwani yote aliyofanya. Nilimtazama uso, ndipo nikakumbuka nyundo.

"Mama," nikasema, "lile gunzi."

Kabla hajajibu, Baba akazungusha ufunguo mara nyingine na kukanyaga mafuta kwa hasira. Gunzi likafyatuka kama risasi, likaugonga mkebe wa Anko, ukalia kama kengele ya kanisa. Pikapu ikanguruma, ikaendelea kunguruma. Anko akautazama mkebe uliobonyea. "Sawa, Mama Chebet," akasema. "Nimeelewa. Gari lenyewe limenifukuza."

Siku hizi gereji yangu iko Eldoret, nimeijenga kwa jasho langu baada ya miaka ya kazi Doha, na diploma yangu ya ufundi wa magari imening'inia ukutani mahali ambapo kila mteja lazima aione. Wanaosafiri ng'ambo huniachia magari yao, na sijui mwingine mjini hapa anayeyatunza kama mimi. Nina chaja inayolinda betri kwa miezi, dawa ya kuzuia petroli isiharibike, jeki ya umeme. Mama alikuwa na majivu na mikebe, na bado kazi yake ilifaulu. Ndiyo maana kila gari nililohifadhi lina gunzi ndani ya ekzosi. Wateja hucheka wakiliona, wakauliza kama hilo nalo nilisomea. Huwaambia hilo ni la Mama. Kilichotoka kwenye diploma ni utepe mwekundu niliolifungia gunzi, unaopita dirishani hadi kwenye usukani, ili siku ya kurudi mtu asiweze kuendesha bila kwanza kuuliza utepe huo unaelekea wapi.